Kengele Uliyoipiga Mara Tatu

Karambi, kwa njia ya Bwera,
Kasese.
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Jonan,

Pokea salamu zetu kutoka huku milimani. Sisi wote tu wazima, na hilo nalitanguliza makusudi maana najua umeshasikia habari nusunusu. Wewe je, mgongo umepona? Wifi Nabasa anaendeleaje na maisha ya kambini? Na mwanenu Bright, bado anatembea ndani ya buti zako?

Nina maswali, unanijua. Ukipiga simu unanimwagia herufi tupu, leo mmeletewa hiki kesho mnasubiri kile, halafu salio linakwisha. Miaka kumi unafunga mabomu kwenye ndege za jeshi na mimi dada yako sijui kirefu cha herufi hata moja ya kazi yako! Basi nimeanza kutafuta mwenyewe, na haya yote yameanzia hapo.

Unaikumbuka kengele yetu ya kanisa. Baba aliichimbua kule shambani Munkunyu akichimba shimo la mche wa kahawa, akaileta kwa baiskeli, akaitundika kwa zile pete zake mbili za mgongoni. Miaka kumi na tisa sasa hakuna aliyeipiga ila yeye, na mabwana harusi siku yao. Kila Krismasi huipaka rangi nyeupe. Mwaka huu rangi ilibambuka, nikaona H na E chini yake. Unafikiri nililala? Nilichukua kisu cha kumenyea matoke, nikaanza kukwangua nione zilizobaki.

Mugume, yule wa duka la vifaa pale Bwera, akaapa kwamba H na E ndizo zile za magazetini, zinazokaa mbele ya jina la rais, His Excellency, yaani Mtukufu, kwa hiyo kengele ni mali ya serikali na baba ataitwa kujieleza. Mwalimu mwenzangu akasema hapana, ni kiwanda cha masufuria. Nilicheka, nikaendelea kukwangua.

Jumapili iliyofuata alikuja Adong, mke wa askari, wamepanga nyumba jirani na yetu. Ni mtu wa Kitgum, na hakuwa amewahi kuingia kanisani kwetu. Baba alikuwa ameshainua nondo yake agonge. Adong akaangusha Biblia, akapiga ukelele kwa ile sauti yenu ya kambini: "Mzee, wacha! Weka chini! Usiguse tena!" Kisha akaanza kutusukuma sote, wazee kwa watoto, mpaka barabarani. Aliniambia kwamba vitu vya namna ile vilianguka kwao alipokuwa mdogo, na kaka yake aliokota kimoja. Na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, sikuuliza zaidi.

Wee, wakubwa walivyomiminika! OC wa kituo cha polisi, DPC wa polisi ya wilaya, RDC mwakilishi wa rais, kila mmoja na herufi zake. Ukivuka daraja pale Mpondwe, RDC ni nchi nzima ya wenzetu, Kongo. Huku kwetu ni mtu mmoja na gari lake. Mtaalamu wa mabomu alifika siku ya tatu, kijana mpole, akanivumilia na maswali yangu yote. Akasema H na E ni High Explosive, yaani baruti kali. Zile pete mbili ndizo zinazolishika bomu likiwa chini ya bawa la ndege. Kumbe baba alilitundika vilevile lilivyotengenezwa litundikwe. Na lilikuwa limejaa. Wakalipeleka bondeni wakalilipua, vioo viwili vya kanisa vikapasuka.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu. Baba hali chakula. Anaonja uji, basi, halafu anageukia ukuta. Anasema ametuweka sote mdomoni mwa mauti miaka kumi na tisa, vichanga, maharusi, hata mama alipokuwa hai. Mchungaji amekuja, hakusikilizwa. Mimi nikimwambia hakujua, jibu lake ni moja tu: "Jonan angejua."

Kaka, siku ya harusi yako uliishika ile nondo mwenyewe. Ulipiga mara tatu, Nabasa akaziba masikio akicheka. Wewe, ambaye kila asubuhi unakagua pete kama zile kwa vidole vyako! Ulikuwa nayo ana kwa ana na hukuona kitu, kwa sababu ilikuwa kengele ya nyumbani. Najua unavyojivunia kazi yako, na wenzako wakisikia watakucheka mpaka ustaafu. Lakini baba hataliamini hili likitoka kinywani mwangu. Mwandikie. Usipige simu, maana karatasi ataikunja aiweke ndani ya Biblia, na ataisoma tena. Mwambie tu, baba, hata mimi niliipiga.

Kanisa halina kengele sasa. Jumapili iliyopita, kumepambazuka tu, nikasikia mlango unabishwa. Ni baba, na fimbo yake, ameshapita nyumba kumi na tatu za mlimani kwa miguu na lile tumbo tupu. Hakutuita ibadani. Aliingiza kichwa, akatuhesabu mmoja mmoja, akauliza, "Muko wote?" Nikamwambia tuko wote. Akaenda nyumba inayofuata.

Alipozimaliza zote alirudi kwangu, akasimama palepale mlangoni, anahema.

"Na Jonan?"

Jibu unalo wewe.

Adong anakusalimu ingawa hamjaonana. Ndiye aliyetuachia uhai wa kuandikiana. Mbusu Bright, mkumbatie wifi. Mungu ailinde hiyo mikono yako, na kila kinachopita ndani yake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukusumbua,
Biira Medius