Ruhusa Tatu za Askari Wenu

Haltom City, Texas
25 Mei 2003

Mpendwa yaya Heritier, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi toka kwetu. Habari za afya, na ule mgongo wako umepoa? Sisi ni wazima, ila nimechoka. Natoka zamu ya ghala, naingia zamu ya mtoto. Meno yanamtoka, halali wala hanipi nafasi ya kulala.

Yaya, niseme wazi: nimechefuka.

Uliponipigia kusema serikali ya huko unakoishi imekubali kutuma askari kulinda watu wetu Bunia, nililia kazini. Jumapili tukatoa shukrani kanisani, tukacheza, mama Scholastique wa kanisa letu akapikia watu wote sombe ya majani ya muhogo. Kumbe hiyo ni ruhusa moja tu! Jumanne ndipo unanieleza kwamba nchi yenu haina upande vitani, kwa hiyo lazima ONU, yaani Umoja wa Mataifa, itoe idhini, serikali ikubali, na bunge lipige kura. Askari kumi na wawili wanaweza kwenda bila bunge. Wakizidi hapo, wasubiri. Mama Scholastique ananiuliza, "Sasa ile sombe tuitapike?"

Halafu wewe, kwa sauti ya kujivuna: "Sheria nzuri hiyo, inazuia vita vya ovyo." Nusura nikate simu.

Huenda ni nzuri. Hata sisi tunawajua askari wanaoingia nchi ya watu bila kuuliza mtu. Lakini mdogo wetu Fanny analala chini ya turubai karibu na uwanja wa ndege wa Bunia, na wenye mapanga hawangoji kura. Kutokuwa na upande! Mtu anachinjwa, wewe umesimama pembeni unatazama kama viatu vyako ni safi. Kinyaa kitupu.

Jana Fanny alinipigia kwa simu ya padri. Amejifungua mvulana, palepale kwenye turubai. Alikuwa hajampa jina. Eti anangoja baba wa mtoto, ambaye hajulikani alipo, na mama yetu aliyekimbilia Beni, na wewe mjomba. Watatu mkubaliane kwanza, ndiyo desturi.

Nikamwambia, "Fanny, mpe jina leo. Usingoje mtu."

Amempa jina Heritier.

Basi, yaya wangu, vaa koti uende kwa mbunge wa mtaa wenu. Usimweleze sheria, anaijua. Mwambie jina lako, kisha umwambie kwamba jina hilo sasa linalala chini ya turubai.

Msalimie shemeji Élodie na watoto. Mungu awafunike, atufunike nasi na wale wa kwenye turubai.

Mdogo wako akupendaye, hata kwa hasira hii,
Matumaini