Gia Moja ya Kwenda Mbele

Jumamosi jioni, Kahama

Na bado nasema, hakuna fundi mji huu angebadilisha ekseli ya nyuma peke yake, kwa jeki moja na gogo. Sema nimeifunga juu chini. Nikitia gia ya kwanza, gari linarudi nyuma. Ya pili, linarudi kwa kasi zaidi.

Jirani yangu Masanja alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Kulwa, hata gari nalo linakukimbia?"

Nikamwambia nimefanya makusudi, kuna Mzungu wa mgodini anautafuta ufundi huu. Masanja alipoondoka, nyumba ikanyamaza tena. Nimepika ugali wa watu wawili kwa mazoea.

Mama Kulwa yuko kwao Segese tangu mavuno. Alisema, "Ukinifuata, uje na gari. Maneno yako nimeshayasikia." Wiki hii nimemtumia ahadi: kesho. Kuifungua ekseli upya siwezi, mgongo umekataa. Na kesho Jumapili, ikifika saa nane mchana magari hayaruhusiwi barabarani, amri ya serikali ya kubana mafuta.

Rivasi ndiyo inayokwenda mbele, mwendo wa ng'ombe. Nitaondoka nayo alfajiri. Akiniuliza mbona nimechelewa, nitamwambia ukweli wote.

Sijui kama ataamini.