Bei ya Mteja wa Zamani

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Na kazi za huko benki zinakwendaje? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao siku hizi unanijibu kila ninapoinua kochi la mteja karakanani. Daktari anasema niache kazi nzito. Nikamwambia aiambie benki nayo iache kudai marejesho ya nyumba.

Wewe ndiye unayepanga bei za mikopo huko, basi nieleze. Jirani yetu kinyozi amekopa juzi benki ileile yangu, nyumba kama yangu, na riba yake ni asilimia tisa. Mimi miaka yote hii sijachelewa hata siku moja, nalipa kumi na nne. Adabu ndiyo inayotozwa siku hizi?

Baba yako

12 Februari

Baba,

Shikamoo. Pole na mgongo. Mama akuchue, nawe uache ubishi.

Kinyozi amepata tisa kwa sababu benki mpya imefunguliwa mkabala na yenu, na kila moja inamvuta mgeni kwa bei. Wewe hugombaniwi. Hata sisi huku tunawajua wateja wasiokwenda popote, na hao hatuwapunguzii. Nachukia kukuandikia hivi, lakini ndivyo tunavyofanya kazi.

Nenda benki mpya, wakupe barua ya kuuhamishia mkopo wako kwao kwa tisa. Iweke mezani kwa meneja wako, sema unahama. Ukipata tisa, unaweza kuachana na makochi ukabaki na viti vidogo. Fanya haraka, bei hizi hazidumu.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi salama, mgongo ni uleule.

Barua niliipata, wakasema mwisho ni mwezi huu. Nikaenda kwa meneja. Alinikaribisha kwenye kiti nilichokitengeneza kwa mikono yangu, akaniuliza hali ya mama yako. Mtu kama huyo nitamtolea barua ya hasimu wake? Walinikopesha nikiwa na nyundo na msumeno tu. Nilimshukuru, nikamwambia mimi siondoki, ila anifikirie. Akasema atanifikiria.

Barua bado ninayo mfukoni.

Baba yako

7 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama nisalimie.

Barua yako nimeisomea kazini, nikatoka nje nisije nikalia mbele ya watu. Nilikupa panga, ukaenda kumkatia mwenyeji kuni.

Nimeulizia: meneja hana la kukufikiria, nami nilikosea kukutuma kwake. Mwaka jana hukuletewa karatasi kuhusu mkopo wako? Benki hufunga mikopo mingi ya nyumba pamoja, kama nguo kwenye robota, ikawauzia matajiri wa mbali. Inapata pesa leo za kumkopesha kinyozi. Wewe unaendelea kulipa kwenye dirisha lilelile, lakini pesa si za benki tena, na wanunuzi waliahidiwa kumi na nne. Huyo unayemwonea haya alishakuuza, baba. Ni benki mpya tu inayoweza kukutoa, kwa kuulipa mkopo wote. Tafadhali, nenda kabla mwezi haujaisha.

Mwanao

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Mama anasema umeinamia kazi, huongei na mtu. Nenda, baba yangu.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mama hajambo. Nilikuwa nimekasirika, na nilikukasirikia wewe kwa kuwa ndiye uliyesema. Ile karatasi kweli ililetwa. Niliikata nikaifanya kipimo cha mkono wa kochi.

Nimekwenda benki mpya mwezi huu. Binti wa dirishani akasema tisa imekwisha. Nao walikuwa wakiuza marobota ya mikopo, sasa wanunuzi wamerudi nyuma, bei imepanda hadi kumi na tatu, na gharama za kuhama juu yake. Nimepiga hesabu, hailipi. Makochi yanaendelea. Nimeumia, mwanangu, sitakuficha.

Jana meneja alinipigia simu. Kiti chake kimechanika, anataka nikitengeneze. Nikamtajia bei. Akasema mbona kinyozi nimemtengenezea cha aina hiyohiyo kwa nusu yake. Nikamjibu ni kweli, kinyozi kwangu ni mgeni. Hiyo ni bei ya mteja wa zamani.

Akasema nikakichukue tu, maana hajui fundi mwingine.

Niombee mgongo. Kiti chenyewe kizito.

Baba yako