Mto Unachimba Chini ya Nguzo ya Pili

Jumatatu, 2 Februari

Nimeapa kuandika yote hapa, hata yatakayoniaibisha. Leo shule, kuchota maji, kufua sare, kula bukari kwa mboga ya sombe. Kisha nikashuka mtoni.

Mvua imepumzika na mto wetu, Naviundu, umepungua. Nguzo ya pili ya daraja letu imebaki kwenye mchanga mtupu. Nikachimba kando yake mpaka mkono ukaingia hadi bega. Nikazika kibidoni, kidumu kitupu cha mafuta, nimekifunga kwa kamba kwenye nguzo. Kilikataa kukaa chini, shimo lilikuwa limejaa maji. Nikakikanyaga kwa mguu huku najaza mchanga. Nimerudi nyumbani kama nguruwe.

Sababu yenyewe: mwalimu wetu wa fizikia alieleza kwamba mto ukijaa, maji hugonga nguzo, huzunguka, hushuka na kuchimba mchanga unaoishika. Kibidoni kikielea, nitajua maji yamechimba kufika pale. Na Papa hupita juu ya daraja hili na lori la mahindi karibu kila siku.

Alhamisi, 5 Februari

Mvua kubwa. Mto umejaa, mwekundu. Kibidoni kinacheza juu ya maji!

Nilifurahi. Halafu nikaogopa.

Nilimweleza Papa, akacheka. "Ile daraja iko pale tangu sijaoa mama yako."

Mama alimwambia anisikilize. Hakunisikiliza. Amepita na mzigo wote.

Jumatatu, 9 Februari

Nilimweleza mwalimu, naye akapiga simu kwenye ofisi ya barabara. Leo mhandisi amekuja, kijana mpole, buti safi. Mto umeshapungua. Akashusha fimbo yake ya kupimia kando ya nguzo. Kina ni kilekile cha zamani. Shimo hakuna.

Nilimweleza: mto ukipungua hurudisha tope laini na kuziba shimo ulilolichimba wenyewe. Juu panaonekana pamepona, lakini tope hilo halishiki nguzo. Nikasukuma kijiti kwenye tope hilo. Kikazama kama mwiko kwenye uji.

Akasema tope ni tope tu, ila akanipa namba yake. "Uko na akili, mutoto. Kukiwa na kitu, uniambie."

Akina mama wanaouza nyanya darajani walikufa kwa kicheko. "Injenyere wa bidoni! Na shiye wauza nyanya, utatujengea daraja ya kwetu?"

Nina hasira. Sitanyamaza.

Alhamisi, 12 Februari

Mvua tena. Maji yanazunguka nguzo ya pili kwa kelele. Sikwenda shule. Nimesema nitaandika yote: nilimdanganya Mama kwamba nakwenda.

Lori la Papa likaja, magunia hadi juu. Nikasimama katikati, pale daraja linapoanza. Honi. Sikusogea. Papa akateremka.

"Toka mu barabara!"

"Hapana, Papa."

"Uko na kichwa nguvu sana!"

"Ni kichwa ya kwako, Papa."

Watu wakacheka. Papa hakucheka. Kisha akapanda, akarudi nyuma, akazunguka kwa njia ya mbali.

Jioni hakunisemesha. Nilitegemea kupigwa.

Jumapili, 15 Februari

Tumetoka misa. Jua kidogo. Mto unashuka taratibu, na shimo linazibwa tena, najua. Daraja limesimama. Watu wanapita, akina mama wa nyanya wako palepale. Hakuna aliyenitania leo.

Naona aibu kwamba halijaanguka. Halafu naona aibu kwa sababu ya aibu hiyo. Nani anaomba daraja lianguke ili yeye aonekane alisema kweli? Mimi siombi hivyo. Nataka lipimwe siku ya maji mengi, basi.

Papa amenisemesha mezani, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kesho ana mzigo, na mawingu yamekaa upande wa juu wa mto. Alisema bila kuniangalia: "Ule wa ofisi akisema iko hatari, nitazunguka. Weye ukisema, hapana."

Sawa. Mama ameniazima simu. Naandika ujumbe hapa kwanza, nisikosee:

Mhandisi, ni mimi wa nguzo ya pili. Kesho asubuhi Papa atafika darajani na magunia, na mvua inakuja. Wewe mwenyewe, ukiwa kwenye usukani na mto umejaa, ungepita? Naomba jibu leo.