Zamu ya Maji ya Mama

Baba,

Tangu tukuzike pale nyuma ya migomba, maji ya mfereji hayajafika shambani kwetu hata mara moja. Nilidhani ni ukame. Kumbe kamati ya maji hapo Entarara ilifuta jina lako kwenye daftari la zamu na haikuandika la Mama, eti zamu ni ya mwanamume. Nyanya zimekauka na maua yake. Mama anapita kando ya mfereji akienda kuomba maji ya kunywa kwa watu.

Nina hasira, Baba, na nyingine ni juu yako wewe.

Unakumbuka jirani yetu Mama Naserian alipofiwa na mumewe, akafutwa vivyo hivyo? Ulimwachia nusu ya zamu yako. Ulisimama na jembe lako penye kizuizi cha mfereji, na saa zikifika nusu unageuza maji yaende kwake. Nilikuuliza mbona humtetei kwenye mkutano, nawe ni mwanakamati. "Mutheu, hawa ni majirani. Niko na masaa sita, nimempea tatu. Shida iko wapi?"

Nilikuona mtu mwema kuliko wote, na bado nakuona hivyo. Lakini ulipokufa, maji ya Mama Naserian nayo yalikatika siku hiyo hiyo.

Mimi huku Kitengela najitolea kwenye ofisi ndogo, nawaandikia wapangaji na vibarua barua za malalamiko. Kila siku nawaambia wasikubali huruma mahali pa haki. Mama yangu mzazi sikuwahi kumuuliza kama jina lake limo kwenye daftari. Nilipojua nililia pale ofisini, mbele ya watu.

Juzi mwenyekiti wa kamati alinipigia simu. Kuna mtu yuko tayari kumwachia Mama nusu ya zamu yake, kwa heshima ya mzee. Nilimshukuru, nikakataa. Mama alinuna siku mbili, halafu akaniuliza mkutano ni lini.

Ni Jumamosi. Tunaenda Mama, Mama Naserian na mimi, na hatuondoki mpaka majina yao mawili yaandikwe. Wakituahirisha, tutarudi mkutano unaofuata, na ule mwingine.

Pumzika, Baba. Jembe lako nimelitia mpini mpya, wa kimo cha Mama. Nakuahidi, maji yakirudi, atayafungua yeye mwenyewe.

Binti yako,
Mutheu