Machibya na vitufe vya Joyness

Shida, hutaamini kilichotokea ofisini leo!!

Joyness alikuwa anapandisha kazi yake kwenye Git, ile hifadhi ya pamoja ya kazi zetu, kwa ile programu yake ya vitufe. Machibya akaja nyuma yake, akapaza sauti: "Kubofyabofya ni kwa watoto! Fundi anaandika amri."

Watu wakacheka.

Jamaa akarudi kwenye mashine yake, akaandika amri kwa mbwembwe, AKAFUTA kazi ya timu nzima kwenye seva. Ya timu nzima, Shida! Na kesho tunawaonyesha wateja mfumo wa mauzo ya pamba tuliowatengenezea.

Bosi alipoingia, unajua Machibya alisema nini? "Ni vitufe vya Joyness." Vitufe vya Joyness!! Uongo mkavu, na sote tulimwona.

Nakala nzima imebaki kwenye laptop ya Joyness tu; sisi wengine tuna vipande vya zamani. Bosi akamwomba airudishe. Dada akamgeukia Machibya: "Sema ukweli kwanza, mbele ya hawa hawa uliowachekesha."

Machibya akanuna, akatazama dirishani.

Joyness akafunga laptop yake, akapanda bodaboda, huyoo kwake Somanda. Bosi anampigia mpaka sasa.

Hapokei. Na asipokee!