Zege Nisilolishuhudia

Jumanne, 14 Januari 2025
Kengeja tangu asubuhi. Nimepanda ngazi ndani ya wodi mpya ya wazazi. Nyufa tatu chini ya zege la paa. Zimerefuka. Ule wa kati unapokea ncha ya kisu.

Bi Ghaliya, mwenyekiti wa jumuiya inayojenga wodi, alinishikia ngazi. Kaniuliza kama nondo zimewekwa zote. Nikamjibu karatasi zipo.

Karatasi zipo na saini yangu ipo, kama injinia msimamizi. Mimi sikuwapo.

Siku lilipomwagwa zege tulikuwa Ole tunamzika baba. Siku ya hitima akaja Mzee Zahran, mkandarasi. Alisoma Fatiha kwanza, kisha akatoa fomu ya ukaguzi, akasema: Nondo zote kama mchoro unavyotaka — tia saini mwanangu, kazi isisimame. Nikatia. Ndiye aliyenifundisha kusoma mchoro, nikiwa bado mwanafunzi.

Jumatano, 22 Januari 2025
Jumuiya walitaka zege livunjwe, aletwe mkandarasi mwengine. Mzee Zahran kawatangulia mahakamani. Leo imetoka amri: asivunje mtu, asiingie mtu, mpaka ugomvi uamuliwe. Mahakama haitouamua yenyewe. Mkataba unasema ugomvi wowote uende kwa msuluhishi.

Kufuli mlangoni, amri imebandikwa juu yake. Mkunga wa hapo, Mwanawema, alikuwa anaisoma. Anazalishia chumba cha dawa. Kitanda kimoja, pazia la kanga. Kanisalimia kwa mdomo tu.

Ijumaa, 7 Februari 2025
Mzee Zahran kapiga simu baada ya sala. Hakuomba niseme uongo mbele ya msuluhishi. Kasema niseme kilichoandikwa kwenye fomu, basi, nisiongeze.

Sikula mchana.

Jumanne, 18 Februari 2025
Shauri limesikilizwa Chake, ukumbi wa hoteli. Msuluhishi ni mwanasheria kutoka Unguja, mtu wa sauti ndogo. Nimeshika msahafu, akaniuliza.

"Injinia Nahla, ulizihesabu nondo kabla ya zege?"

"Sikuzihesabu."

"Na saini hii?"

"Yangu. Sikuwapo siku hiyo."

Bi Ghaliya alinitazama kama mtu asiyenijua. Mzee Zahran aliangalia meza. Wakili wake akaomba wamlete mtaalamu mwenye mashine ya kupima nondo ndani ya zege. Msuluhishi kakataa, muda wa kuleta ushahidi umepita.

Nje, Mzee Zahran kanisubiri penye viatu. Kasema, baba yako angekuwa hai… Hakumaliza. Nilitamani amalize.

Alhamisi, 10 Aprili 2025
Uamuzi umetoka. Kosa la Mzee Zahran. Avunje, ajenge upya.

Na barua yangu imetoka kazini. Nimesimamishwa kazi mpaka nijieleze. Mama kaisoma, akaikunja, akenda kuanika nguo.

Jumatatu, 5 Mei 2025
Haraka kuliko nilivyodhani. Mzee Zahran kaupinga uamuzi mahakamani na jaji kautengua. Kasema mtu aliyenyimwa nafasi ya kuleta ushahidi wake hakusikilizwa. Shauri lirudi kwa msuluhishi, zege lipimwe. Mpaka hapo kufuli libaki.

Bi Ghaliya kanipigia kwa hasira. Anasema jaji kawaonea. Jaji kasema kweli. Mimi nilisema sikuwapo, sikusema nondo hazimo. Hakuna anayejua isipokuwa waliomwaga.

Jumatano, 14 Mei 2025
Mvua tangu alfajiri. Saa mbili asubuhi Mwanawema kapiga. Bati la chumba cha dawa limeng'oka, maji yamejaa ndani. Ana mzazi, mimba ya kwanza, uchungu umeshika. Gari ya wagonjwa imekwama, barabara imekatika. Wamevunja kufuli.

Nimefika saa nne, nimevuka maji kwa miguu. Mzazi anaitwa Mwanapili. Amelala katikati ya wodi, chini ya ufa. Ufa unadondosha maji kwenye shuka, na maji yana rangi ya kutu.

Nondo zimo, basi. Ngapi?

Mwanawema kanivuta mlangoni. "Injinia, yote ya mahakama yaache. Miye nataka neno moja. Litakaa hili, ama litashuka? Nimtoe mvuani, ama nimwache?"

Nikamwambia yeye na jamaa wa mzazi wasogeze kitanda kwenye kona, karibu na nguzo. Wakasogeza. Kaniuliza tena. Nikasema sijui.

"Saini si yako?"

Nikatoka barazani, nikampigia Mzee Zahran. Nikamwambia kuna mzazi ndani. Sitaki maneno ya msuluhishi, nataka idadi. Uliweka ngapi?

Nilimsikia akivuta pumzi. Kasema wakili kamkataza kuzungumza na mimi. Nikasema anaitwa Mwanapili, kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Kasema ngoja, mwanangu, nakupigia mimi.

Dakika kumi sasa. Naandika kwa kuwa mikono haina kazi nyengine. Ndani Mwanawema anamwambia sukuma. Kitu kimeanguka sakafuni — kipande cha plasta, ukubwa wa kiganja. Wote wamenigeukia.

Nimempigia tena. Inaita.